Roald Dahl: Alifunzwa kuruka Nairobi, vita vya angani akajifunza kwa damu

MJI wa Isiolo una uwanja wa ndege uliofunguliwa rasmi mwaka wa 2017, na si mbali sana, katika kambi ya Laikipia mjini Nanyuki, ndiko Jeshi la Wanahewa la Kenya huweka ndege zake za kivita. Si ajabu basi kwamba vijana wa eneo hilo huinua macho juu wasikiapo mngurumo, wengine wakiota kwamba siku moja wao ndio watakaokuwa wameshika usukani.

Kijana mwenye ndoto ya aina hiyo leo hii anaweza kuanza safari yake mbele ya kompyuta. Zipo programu zinazoiga urubani wa ndege za vita kwa uhalisia mkubwa. Mojawapo ni IL-2 Sturmovik, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2001, ambamo zimo ndege kama Hurricane na Gladiator za Waingereza pamoja na Junkers 88 ya Wajerumani. Ndani ya programu hizo, injini huchemka ikilazimishwa kupita kiasi, mafuta huisha, na ndege hupoteza nguvu na kuporomoka ikipindwa kwa pupa. Mwanafunzi akikosea huanguka, kisha hubonyeza kitufe na kuanza upya.

Mnamo mwaka wa 1939, kijana mmoja mrefu kama mlingoti aliingia Nairobi akiwa na nia hiyo hiyo ya kuwa rubani wa vita. Hakuwa na kompyuta wala kitufe cha kuanzia upya. Jina lake lilikuwa Roald Dahl, yule yule ambaye baadaye angevuma duniani kote kwa vitabu vya watoto kama vile Charlie and the Chocolate Factory na Matilda. Wengi wa wanaovisoma vitabu hivyo hawajui kwamba mwandishi wake alijifunzia urubani katika anga ya Kenya, wala kwamba alipelekwa vitani akiwa anajua kuruka lakini hajui kupigana.

Dahl alizaliwa tarehe 13 Septemba, 1916, huko Llandaff, Wales, kwa wazazi waliotoka Norway. Alipewa jina la Roald Amundsen, msafiri shujaa wa Norway aliyefika Ncha ya Kusini ya dunia. Furaha ya nyumba hiyo haikudumu. Mwaka wa 1920, dada yake aliyekuwa na umri wa miaka saba alifariki kwa maradhi ya kidole tumbo, na wiki chache baadaye baba yao akamfuata kaburini. Mama yao, Sofie Magdalene, ndiye aliyebaki kuwalea watoto.

Baada ya kumaliza shule, Dahl hakutaka kwenda chuo kikuu. Alitaka kuona nchi za mbali. Mwaka wa 1934 alijiunga na kampuni ya mafuta ya Shell, na mnamo 1938 akapanda meli kuelekea Dar es Salaam, wakati huo makao makuu ya Tanganyika iliyokuwa chini ya Uingereza. Huko alijifunza Kiswahili, akasafiri barabara za vumbi akiwauzia mafuta wenye mashamba ya mkonge na migodi, na kukutana na simba na nyoka ambao baadaye wangejaa katika maandishi yake. Kama Wazungu wengine wa zama hizo, aliishi maisha ya starehe yaliyotegemea jasho la wapishi na watumishi Waafrika.

Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka mnamo Septemba 1939, Tanganyika ilikuwa na Wajerumani wengi. Serikali ya kikoloni iliamua kuwakamata. Dahl, ambaye hakuwa na mafunzo ya kijeshi ya maana, alivishwa cheo cha muda katika jeshi la King's African Rifles na kukabidhiwa kikosi cha askari Waafrika ili kuwazuia Wajerumani waliokuwa wakitoroka kwa barabara. Askari hao waliijua kazi ya bunduki kuliko yeye aliyewaamrisha.

Kazi hiyo haikumridhisha. Mnamo Novemba mwaka huo, aliwasha gari lake na kuendesha takriban kilomita 970 kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi ili kujiandikisha katika Jeshi la Wanahewa la Uingereza. Urefu wake ulikaribia mita mbili, na chumba cha rubani cha ndege za wakati huo hakikutengenezwa kwa watu wa kimo hicho. Hata hivyo, alikubaliwa, akaungana na kundi dogo la vijana wenzake waliokuja kujifunza. Wengi wao hawakuuona mwisho wa vita.

Ndege waliyofunziwa ilikuwa Tiger Moth, yenye mabawa mawili yaliyopandana, mwili uliofunikwa kwa kitambaa na vyumba viwili vilivyo wazi, kimoja cha mwalimu na kingine cha mwanafunzi. Haikuwa na breki wala redio. Ili injini iwake, ilibidi mtu asimame mbele na kuizungusha rafadha kwa mkono. Mwalimu alizungumza na mwanafunzi wake kupitia mrija wa mpira uliounganishwa na kofia.

Dahl alipoketi, kichwa chake kilichomoza juu ya kioo cha kukinga upepo, na ndege iliposhika kasi upepo ulimpiga usoni hata akashindwa kuvuta pumzi. Ilimlazimu kuinama kila mara nyuma ya kioo ili apate hewa, kabla ya kubuni njia ya kujifunga kitambaa puani na mdomoni. Baada ya saa 7 na dakika 40 tu za mafunzo, aliruhusiwa kuruka peke yake.

Siku zilizofuata zilikuwa miongoni mwa siku za furaha kubwa maishani mwake. Alirandaranda juu ya nyika za Kenya akiwatazama twiga, ndovu na nyati kutoka angani, mandhari ambayo ni wachache mno waliowahi kuyaona kwa namna hiyo wakati huo. Kumbukumbu hizo hazikumtoka. Hadithi yake moja, An African Story, inamhusu rubani mwanafunzi anayetua kwa dharura nchini Kenya na kukutana na mzee anayeishi peke yake.

Ikumbukwe kwamba furaha hiyo haikuwa ya kila mtu. Waafrika wa Afrika Mashariki waliingia vitani kwa maelfu, wakiwa askari wa miguu, madereva na wachukuzi, lakini masomo ya urubani yaliyotolewa Nairobi hayakuwa yao. Kenya ilipata jeshi lake lenyewe la wanahewa mwaka wa 1964, baada ya uhuru.

Mapema mwaka wa 1940, Dahl na wenzake waliondolewa Kenya na kupelekwa Habbaniya nchini Iraq, kambi iliyokuwa jangwani magharibi mwa Baghdad. Wakati akiwa huko, vita vilibisha hodi kaskazini mwa Kenya. Italia, iliyokuwa imeikalia Ethiopia, iliingia vitani tarehe 10 Juni, na mwezi uliofuata majeshi yake yakautwaa mji wa Moyale. Barabara itokayo Isiolo kupitia Marsabit hadi Moyale, ambayo leo ni ya lami na hujaa malori, ikawa njia ya vita. Marubani kutoka Afrika Kusini waliletwa kupigana katika anga hiyo ya kaskazini. Lau mafunzo yake yangechelewa kwa miezi michache, pengine Dahl naye angepigania hapo.

Huko Habbaniya alifunzwa kwa miezi sita akitumia ndege za Hawker Hart, kubwa na zenye nguvu kuliko Tiger Moth. Alijifunza kusoma ramani, kufuata dira, kuruka usiku na kulenga shabaha zilizo ardhini. Mnamo Agosti 1940 alipewa cheo cha afisa rubani na kutajwa kuwa tayari kwa vita.

Utayari huo ulikuwa wa kwenye karatasi. Alipangiwa Kikosi cha 80, kilichokuwa kikipigana na Waitaliano katika jangwa la Misri na Libya kwa ndege aina ya Gladiator. Dahl hakuwahi kuirusha ndege hiyo. Alipouliza ni nani angemfunza, aligundua kuwa hakukuwa na mwalimu. Gladiator ilikuwa na kiti kimoja tu, hivyo rubani aliingia na kujifunza papo hapo. Isitoshe, hakuna aliyekuwa amemwonyesha jinsi ya kupambana na ndege nyingine angani: namna ya kumkaribia adui, kumkwepa akiwa nyuma, au kulenga mbele ya ndege inayokwenda kasi ili risasi na ndege vikutane.

Jambo hilo linashangaza zaidi ikizingatiwa kwamba wazo la kumfunza rubani akiwa ardhini lilikuwa tayari limezaliwa. Mmarekani Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda, alitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1920 chombo kidogo chenye umbo la ndege, kilichoinama na kugeuka kwa nguvu ya mifuko ya hewa kama ile ya vinanda. Mwanzoni kilionekana kama kitu cha kuchezea watoto. Mwaka wa 1934, baada ya marubani kadhaa wa jeshi la Marekani kufa wakisafirisha barua katika hali mbaya ya hewa, jeshi hilo lilinunua vyombo sita. Wakati wa vita, maelfu ya vyombo hivyo vilitumika katika nchi za Washirika.

Hata hivyo, chombo cha Link kilifunza hasa kuruka kwa kutegemea saa na dira pasipo kuona nje. Hakikuweza kumwonyesha mwanafunzi adui akichomoza kutoka kwenye jua. Mafunzo ya aina hiyo yangengoja miongo kadhaa hadi kompyuta zipate nguvu ya kuchora anga nzima, ardhi yake na ndege zake.

Tarehe 19 Septemba, 1940, Dahl aliamriwa kuipeleka Gladiator mpya hadi kwenye uwanja wa kikosi chake jangwani, kusini mwa Mersa Matruh. Aliruka kwa vituo, akitua kujaza mafuta, na katika kituo cha mwisho akaelezwa mahali uwanja ulipo. Alipofika hapo, hakuona chochote ila mchanga na mawe. Alizunguka huku na huko, jua likazama na mafuta yakakaribia kwisha. Akaamua kutua jangwani kabla giza halijaingia.

Magurudumu yaligonga jiwe kubwa. Ndege ilijikita mchangani kwa pua, na kichwa cha Dahl kikagonga mbele kwa kishindo. Fuvu lilipasuka, pua ikapondeka na macho yakavimba hata hakuweza kuona. Matangi ya mafuta yalishika moto. Akiwa nusu mfu, alifungua mikanda na kujikokota kutoka kwenye miali huku risasi za ndege yake mwenyewe zikilipuka kwa joto. Uchunguzi wa baadaye ulibaini kuwa mahali alipoelekezwa palikuwa si penyewe: alikuwa ametumwa katika eneo lililo kati ya majeshi ya Uingereza na ya Italia.

Mwaka wa 1942, jarida moja la Marekani lilichapisha simulizi yake ya kwanza chini ya kichwa kilichodai kuwa alitunguliwa juu ya Libya. Hakutunguliwa. Yeye mwenyewe aliusahihisha uongo huo katika kitabu chake cha kumbukumbu, Going Solo, kilichotoka mwaka wa 1986. Lakini hata humo aliacha jambo: hakuwa peke yake siku hiyo. Rubani mwenzake aliyekuwa akiruka naye alitua salama jirani na kukaa naye usiku ule wa baridi hadi walipookolewa.

Dahl alilazwa katika hospitali ya wanamaji mjini Alexandria. Kwa wiki kadhaa aliishi gizani bila kujua kama angeona tena. Macho yalifunguka hatimaye, na pua yake ikaundwa upya na madaktari. Angeweza kurudishwa Uingereza akiwa majeruhi, lakini aliomba kurejea kazini. Mnamo Februari 1941 aliruhusiwa kutoka.

Kikosi chake kilikuwa kimehamia Ugiriki na kupewa ndege mpya za Hurricane, zenye bawa moja kila upande, bunduki nane za rashasha na kasi kubwa. Dahl alipewa saa saba hivi za kuizoea Hurricane, kisha mwezi Aprili akaivusha peke yake juu ya bahari ya Mediterania kwa zaidi ya saa nne, magoti yakiwa yamekunjwa karibu na kidevu. Alipotua Eleusina karibu na Athens ilibidi asaidiwe kutoka, kwa kuwa miguu ilikuwa imekufa ganzi.

Hapo alikuta hali ya kutisha. Waingereza walikuwa wamebakiwa na Hurricane zisizozidi 15 hivi katika Ugiriki nzima, dhidi ya mamia ya ndege za Wajerumani. Rubani mmoja kijana, David Coke, alistaajabu kusikia kwamba mgeni huyo hajawahi kupigana wala kufunzwa kupigana. Usiku huo alimpa somo la haraka kuhusu jinsi ya kuzishambulia ndege za mabomu na kuzihofia zile za kivita zinazozisindikiza. Hilo ndilo lililokuwa darasa lote la Dahl la vita vya angani. Coke naye hakunusurika vita.

Tarehe 15 Aprili, 1941, Dahl alikutana na adui kwa mara ya kwanza, peke yake juu ya mji wa Chalcis. Aliziona ndege sita za Junkers 88 zikishambulia meli, akazifuata milimani na kuiangusha moja. Kesho yake aliangusha nyingine.

Siku tano baada ya pambano la kwanza, Hurricane 12 zilizosalia zilipaa juu ya Athens na kuzingirwa na kundi kubwa la Wajerumani. Dahl aliona ndege zikimjia kutoka kila upande, akapinda na kufyatua bila kujua kama amempiga yeyote. Alitua akiwa ameloa jasho, mikono ikitetemeka hata akashindwa kuwasha sigara. Hurricane tano hazikurudi na marubani wanne walikufa. Miongoni mwao alikuwa Pat Pattle, mzaliwa wa Afrika Kusini, ambaye wanahistoria wengi humhesabu kuwa rubani aliyeangusha ndege nyingi kuliko wote katika jeshi la Uingereza. Ustadi wote wa Pattle haukumwokoa, sembuse mwanafunzi.

Dahl aliondolewa Ugiriki na kuendelea kupigana kutoka Haifa dhidi ya majeshi ya Ufaransa ya serikali ya Vichy yaliyokuwa Syria. Lakini jeraha la jangwani lilikuwa bado linamdai. Maumivu makali ya kichwa yalimjia akiwa angani, wakati mwingine akipoteza fahamu kwa muda. Katikati ya mwaka wa 1941 madaktari walimpiga marufuku kuruka, akarudishwa kwao. Anahesabiwa kuwa aliangusha ndege zisizopungua tano.

Maisha yaliyofuata ndiyo yanayojulikana zaidi. Mwaka wa 1942 alitumwa katika ubalozi wa Uingereza mjini Washington, na huko akaanza kuandika. Kitabu chake cha kwanza cha watoto, The Gremlins, cha 1943, kilitokana na imani ya marubani kuhusu vijitu vinavyoharibu injini. Mwaka wa 1953 alimwoa mwigizaji Patricia Neal, wakapata watoto watano. James and the Giant Peach kilitoka 1961, na Charlie and the Chocolate Factory mwaka wa 1964.

Msiba haukuiacha nyumba yake. Mwaka wa 1960, mwanawe Theo, akiwa mtoto mchanga, aligongwa na teksi mjini New York na maji yakajaa kichwani. Mrija uliowekwa kuyaondoa uliziba mara kwa mara. Dahl alimtafuta fundi Stanley Wade, ambaye alijulikana kwa pampu ndogo za ndege za kuchezea, na daktari wa upasuaji Kenneth Till. Watatu hao walibuni kifaa kilichokuja kuwasaidia watoto wapatao 3,000 ulimwenguni. Mwaka wa 1962 binti yake Olivia, mwenye miaka saba, alifariki kwa ugonjwa wa ukambi. Baadaye Dahl aliwasihi wazazi wawape watoto wao chanjo.

Hakuwa mtu asiye na doa. Katika toleo la kwanza la kitabu cha Charlie, wafanyakazi wa kiwanda cha chokoleti walikuwa mbilikimo Weusi walioletwa kutoka Afrika. Baada ya malalamiko, walibadilishwa katika toleo la 1973. Aidha, alitoa matamshi ya chuki dhidi ya Wayahudi, na mwaka wa 2020 familia yake iliomba radhi kwa ajili hiyo.

Roald Dahl alifariki mjini Oxford tarehe 23 Novemba, 1990, akiwa na umri wa miaka 74, na kuzikwa katika kijiji cha Great Missenden alikoishi.

Leo kijana wa Isiolo anaweza kuirusha Hurricane juu ya Athens, akatunguliwa mara 20 kwa jioni moja na kila mara akajua alipokosea. Jioni hiyo moja itakuwa imempa mazoezi ya kupigana mengi kuliko aliyopewa Dahl kabla ya kukutana na adui. Lakini wale vijana waliojifunza pamoja naye Nairobi hawakupewa nafasi ya pili, na wengi walilipia kwa uhai wao makosa ambayo mwalimu mzuri angeyarekebisha wakiwa bado chini.